Unga wa Kukata Damu

Kabla ya kwenda shule Mboni alikuwa na kazi yake: kuokota makumbi ya nazi ambazo baba yake alikuwa amezifua, na kuyarundika nyuma ya nyumba. Asubuhi moja alikuwa ameinama kwenye makumbi aliposikia sauti ya mwanamume asiyemfahamu ikipiga hodi kutoka barabarani.

"Hodi wenyewe! Gari limechemka, tunaomba maji!"

Baba yake, Mzee Abilahi, aliinua kichwa kumtazama mgeni huku mikono yake ikiendelea na kazi. Nazi ikateleza. Ncha ya kifuo, ule mti wenye chuma uliosimikwa ardhini kwa kufulia nazi, ikampasua kiganja chini ya kidole gumba.

"Lahaula!" alisema, akakaa chini kwenye makumbi.

Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama Mboni alitoka jikoni mbio akiwa na konzi ya majivu mkononi, kama wafanyavyo watu wengi pale kijijini Mchinga mtu akijikata. Lakini kabla hajayamwaga, mgeni wa pili alijitokeza nyuma ya yule aliyepiga hodi. Alikuwa Mchina, mzee mwembamba, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Alipoyaona yale majivu alipaza sauti kwa lugha yake na kupunga mkono.

"Anasema usiweke majivu, dada," mwenzake alifasiri haraka. "Anataka maji yaliyochemka. Na sabuni."

Maji ya chai yalikuwa bado jikoni. Mama Mboni aliyaleta yakiwa vuguvugu, na Mboni akashika bakuli. Yule Mchina alikiosha kidonda kwa sabuni ya mche, polepole, huku Mzee Abilahi akiuma meno na kutazama juu. Alikiosha tena na tena, hata Mboni akaanza kuona anachelewesha mambo. Mwishowe mzee yule akatoa mfukoni kichupa kidogo, akanyunyiza unga wa rangi ya majivu mepesi, akakandamiza kwa kitambaa safi. Alipoinua kitambaa, damu ilikuwa imekata.

"Anaitwa Bwana Wen," alisema yule mfasiri. "Babu yake alikuwa muuza dawa za miti huko kwao. Siku hizi yeye ananunua majongoo ya bahari, na mimi ndiye msemaji wake. Kichina changu nimekiokota kwenye ujenzi wa reli. Naitwa Klementi, mtu wa Songea."

"Songea?" Mzee Abilahi alisahau maumivu. "Mngoni?"

"Mngoni kamili."

"Basi nimejua! Nilikuwa nafua nazi zangu salama, akaja mtani na mkosi wake. Panya wa kula wameisha Songea, sasa mnafuata majongoo yetu?"

"Wewe Mmwera umejikata makusudi," Klementi alijibu bila kucheka. "Umeona kazi nyingi, ukatafuta likizo."

Bwana Wen aliwatazama kwa hofu, akidhani wanagombana. Klementi alimweleza kitu kwa Kichina, naye akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini kwamba duniani kuna watu wanaotukanana kwa furaha.

Radieta ilipojazwa maji na gari likawa tayari, Bwana Wen alimpa Mboni kile kichupa, kwa kuwa ndiye aliyeshika bakuli bila kutetemeka. Alisema maneno mengi, akionyesha kwa vidole. Klementi alifasiri.

"Anasema hivi. Huu ni unga wa mizizi na majani, kazi yake ni kukata damu. Kwanza osha kidonda kwa maji yaliyochemka na sabuni, mpaka uone nyama safi. Ndipo uweke unga. Na kidonda kirefu, au kilichotokana na chuma chenye kutu, ukishaosha peleka mtu zahanati. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa."

"Lakini hayo ya kuosha ni kwa watu wengine." Klementi alimkonyezea jicho Mzee Abilahi. "Nyinyi Wamwera msijisumbue. Hata msipoosha, uchafu wenyewe unawaogopa!"

Mzee Abilahi aliangua kicheko. Mama Mboni alicheka mpaka akaegemea mlango. Mboni naye alicheka, kichupa nusura kimponyoke.

Miaka ile maduka ya Mchinga yalikuwa yameanza kujaa tena. Vitu ambavyo wazazi walivipangia foleni Mboni alipokuwa mchanga, kama sabuni, betri na kanga, sasa vilining'inia milangoni mwa maduka, na vingi vilikuwa na maandishi ya Kichina. Hata hivyo, dawa yenye maandishi yale hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Mboni alipokitoa kichupa mbele ya darasa la tano, madaftari yalisahauliwa.

"Kinakata damu kweli?" aliuliza Ibrahimu, aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote.

"Jikate uone," Mboni alijibu, na darasa likacheka.

Ibrahimu hakuhitaji kujikata. Siku hiyohiyo alichubuka goti kwenye mpira. Mboni alikwenda nyumbani kwa mwalimu kuomba maji yaliyochemka, akasubiri yapoe, akarudi nayo kwa uangalifu, akaanza kusugua goti kwa sabuni.

"Yalaa! Unaniua!" Ibrahimu alipiga kelele. "Bora majivu ya bibi! Niache!"

Wenzao walicheka. Kengele ya kurudi darasani ikalia kabla unga haujafunguliwa, na Ibrahimu akachomoka na povu gotini.

Mboni alibaki na bakuli mkononi, masikio yakimwaka moto. Mtoto wa darasa la tatu alipojikata kidole kwa wembe wa kuchongea penseli, aliwaza maji, aliwaza sabuni, aliwaza vile vicheko. Akasema, kwa sauti ya kujiamini kuliko alivyojiamini moyoni, "Sisi Wamwera hatuhitaji kuosha. Yule mgeni alisema mwenyewe."

"Kweli?" aliuliza Ibrahimu.

"Alisema mbele ya baba."

Hilo lilikuwa kweli. Mboni alimwaga unga, akakandamiza, na damu ikakata. Watoto walipiga makofi. Tangu hapo wakamwita Dokta.

Jina lile lilimnyima utulivu. Wakati wa mapumziko hakucheza tena rede. Alizunguka kiwanjani na kichupa mfukoni, akisikiliza nani analia. Akiona wadogo wanakimbizana kwenye kokoto, alisimama karibu. Darasani alisikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa nje. Siku ambayo hakuna aliyeumia alirudi nyumbani amenuna, halafu akajiuliza ni mtu gani huyu anayenuna kwa sababu wenzake ni wazima.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Bertha. Walikaa dawati moja na nyumba zao zilitazamana. Mama yake Bertha, Mama Theresia, alitoka Newala akafuata biashara pwani, na kila asubuhi alikaanga vitumbua akaviuza kwenye kituo cha mabasi. Bertha alikuwa na mbio kuliko shule nzima. Mpira ukienda mbali, yeye ndiye aliyeufuata.

Ndivyo ilivyokuwa jioni moja mtaani, mpira wa makaratasi ulipoingia kwenye banda la mbuzi la jirani. Bertha aliruka ukuta, pekupeku kama kawaida, na mara wakasikia akilia. Alikuwa amekanyaga kipande cha bati bovu kilichofukiwa na samadi. Unyayo ulikuwa umechanika karibu na kisigino, na damu iliacha alama kila alipokanyaga.

"Dokta! Dokta!" watoto waliita.

Mboni alifika mbio. Aliliona bati, jekundu kwa kutu. Aliiona samadi kwenye ukingo wa kidonda. Maneno ya Bwana Wen yalimjia yote, moja baada ya jingine, kana kwamba anasomewa. Lakini watoto wote walikuwa wamemzunguka, na kisima kilikuwa mbali.

Bertha alifuta machozi. "Mboni, mimi si Mmwera. Mimi Mmakonde. Si lazima mimi unioshe?"

Mboni alitazama upande wa kisima.

"Wamakonde na Wamwera ni ndugu," alisema Mboni, akafungua kichupa.

Unga ulifanya kazi yake. Damu ilipungua, ikakata. Mboni alichana ncha ya kanga yake, akafunga mguu, na watoto wakamsindikiza Bertha nyumbani kwa shangwe.

Mama Theresia alikuwa akiosha kikaango. Aliuangalia mguu, akamgeukia Mboni.

"Shikamoo, mama," alisema Mboni.

"Marahaba, mwanangu. Uliosha kwanza?"

"Niliosha."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya moto, na sabuni."

"Mungu akubariki. Mtoto una mkono wa dawa wewe." Mama Theresia alimpa kitumbua kilichobaki. Mboni alikiuma mara moja tu. Alikibeba mpaka nyumbani kwao, na mlangoni akawatupia kuku.

Baada ya hapo hakuwa na raha kabisa. Siku iliyofuata Bertha alikuja shule akichechemea. Kesho yake alikanyagia vidole tu. Mboni alikuwa akiinama chini ya dawati kila mara, akijifanya ameangusha kalamu, ili autazame ule mguu. Juu kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, lakini pembeni ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa.

"Unauma?" alinong'ona.

"Unapwita," Bertha alijibu. "Lakini mama anasema kwa kuwa kilioshwa, kitapoa chenyewe."

"Mboni!" aliita Mwalimu Majid. "Kiti chako kina siafu? Soma aya inayofuata."

Mboni alisimama. Hakujua wanasoma ukurasa gani.

Halafu siku moja Bertha hakuja. Kengele ya kutoka ilipolia, Mboni alikimbia bila kuaga mtu. Alimkuta Mama Theresia akimbeba Bertha mgongoni kama mtoto mdogo. Uso wa Bertha ulikuwa umevimba kwa kulia na mwili wake ulikuwa wa moto.

"Tunakwenda zahanati," alisema Mama Theresia. "Shika hizi ndala zake, mwanangu."

Zahanati walimkuta Nesi Emerensiana peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Alimlaza Bertha kitandani, akaukagua mguu, akabonyeza kisigino. Bertha alipiga yowe.

"Alikatwa na nini?"

"Bati," alisema Mama Theresia. "Lakini kidonda kilioshwa palepale, nesi. Kwa maji ya moto na sabuni. Halafu kikawekwa dawa ya Kichina, ya kukata damu. Huyu hapa ndiye aliyeosha."

Nesi alimtazama Mboni kidogo, akarudi kwenye mguu. "Kimefunga vizuri kwa juu. Kama kingekuwa hakikuoshwa, ningekifungua sasa hivi. Lakini kama kilioshwa vizuri, sioni sababu ya kumtesa mtoto. Nitampa vidonge, mumrudishe baada ya siku chache tuone."

"Usinikate, nesi," Bertha alilia.

"Sikukati, mama. Tulia."

Bertha alifumba macho kwa nafuu. Nesi alikwenda kabatini kutafuta vidonge. Mboni alisimama kwenye mguu mmoja, akahamia mwingine. Alitazama mlango. Alitazama dirisha. Akinyamaza, Bertha hatakatwa leo, na hakuna atakayejua. Akisema, Bertha atakatwa kwa sababu yake, na Mama Theresia atamsikia kwa masikio yake mwenyewe.

"We mtoto, unataka kwenda haja?" aliuliza nesi bila kugeuka.

"Hapana." Kisha akasema, kwa sauti iliyotoka nusu, "Sikuosha."

"Nini?"

"Sikukiosha. Nilimwaga unga tu. Kulikuwa na samadi, nikamwaga juu yake."

Bertha alifumbua macho. Mama Theresia alimgeukia Mboni, na alipozungumza hakufoka, jambo lililouma zaidi. "Nilikuuliza, Mboni. Nilikuuliza mara mbili."

Nesi Emerensiana aliacha vidonge, akanawa mikono. Kilichofuata Mboni hakukisahau. Bertha alishikiliwa na mama yake, akalia kwa Kiswahili, kisha akalia kwa Kimakonde. Ndani ya kidonda kilichoonekana kimepona, nesi alitoa usaha, unyasi mweusi, na kipande cha kutu kidogo kuliko ukucha. Alikiweka kwenye sahani ya bati ili wote wakione. Halafu akamdunga Bertha sindano ya kuzuia pepopunda.

"Pepopunda haina mchezo," alisema. "Huingia kupitia kidonda kichafu kama hiki, ikaua mtu mzima mwenye nguvu. Ungenyamaza, binti, ningemrudisha nyumbani na takataka hii mguuni." Alikiomba kichupa, Mboni akakitoa mfukoni, na nesi akakigeuza mbele ya dirisha. "Mimi siwezi kusoma maandishi haya, kwa hiyo siwezi kukuambia yote yaliyomo. Lakini dawa hii imefanya ilichotumwa. Imekata damu. Kuosha ilikuwa kazi yako, wala hakuna unga utakaokufanyia."

"Atoke," Bertha alisema, uso ukiwa ukutani. "Sitaki kumwona."

Mboni alitoka.

Mzee Abilahi alikuwa akipanga nazi kwa mkono mmoja, ule mwingine akiupumzisha, Mboni alipomsimulia. Alisimulia kuanzia banda la mbuzi, na alipofika mwisho akaongeza upesi, "Lakini yule mtani alisema sisi hatuhitaji kuosha. Alisema mbele yako, baba."

Baba yake aliweka nazi chini. "Alisema. Na mimi nilifanya nini?"

"Ulicheka."

"Na wewe?"

"Nilicheka."

"Ulicheka nini?"

Mboni alichezea ncha ya kanga iliyochanika. Alitamani aulizwe kitu kingine chochote. "Kwa sababu ulikuwa utani."

"Basi ulijua."

"Nilijua, baba." Machozi yalimtoka. "Nilijua tangu siku ileile."

Mzee Abilahi hakuinua sauti. "Mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Anaweza kunizika mzima, nikacheka. Lakini utani una masharti yake: wote wawili wanajua kuwa si kweli. Wewe umechukua mchezo wa Klementi ukawauzia wenzako kama maagizo ya dawa. Usimsingizie mtani. Yeye alisema utani. Uongo ni wako." Aliufungua mkono wake. Kovu la kidonda lilikuwa jembamba na kavu. "Niliumia kwa chuma, kama Bertha. Dawa ni ileile. Tazama tofauti."

Kisha akavaa kofia yake, akampeleka kwa Mama Theresia kuomba radhi. Alimwacha Mboni aseme mwenyewe. Maneno yalikuwa mafupi na yalikatikakatika. Mama Theresia alisikiliza, akavuta pumzi.

"Ulinidanganya, na nimeumia," alisema. "Lakini pia ulisema pale ambapo ungeweza kunyamaza. Nenda kamwone. Akikufukuza, usinilaumu."

Bertha alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Alimtazama Mboni, akatazama paa.

"Nisamehe," alisema Mboni.

"Mmakonde na Mmwera ni ndugu," Bertha alisema kwa kejeli. "Ndugu gani wewe?"

Mboni alisogea karibu na mkeka. Akakaa sakafuni. Bertha akauweka sawa mguu juu ya mto, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kesho wanakikamua tena. Nesi anasema ni kila siku asubuhi mpaka kiwe safi. Na mama yuko kituoni na vitumbua, akiacha hatuli. Nitakwenda peke yangu."

"Nitakupeleka mimi."

"Mpaka lini? Utachoka."

"Mpaka nesi aseme basi."

"Na ndani utaingia? Utanishika mkono?"

"Nitakushika."

"Hata nikikuuma?"

"Hata ukiniuma. Naahidi."

Mwalimu Majid aliposikia habari yote alimruhusu Mboni achelewe kipindi cha kwanza. Hivyo kila asubuhi Bertha aliweka mkono begani mwa rafiki yake, wakaenda kwa kurukaruka, wakipumzika kwenye mawe. Ibrahimu aliwaona mara moja akapiga kelele, "Dokta amegeuka mkongojo!" Mboni aliona aibu kidogo, halafu akaona kwamba jina hilo la pili ni la kweli kuliko la kwanza. Mtoto akiumia shuleni sasa alimsugua kwa sabuni, alie asilie, na wengi walimkimbia.

Wiki iliyofuata Mwalimu Majid alileta habari iliyolitikisa darasa. Mwenge wa Uhuru ulikuwa unafika Lindi mjini, na kikundi cha ngonjera cha shule kimealikwa kwenye mapokezi. Msichana mmoja wa kikundi alikuwa ameugua matubwitubwi.

"Mboni, una sauti na beti unazijua," alisema mwalimu. "Utachukua nafasi yake. Lori linaondoka kesho asubuhi."

Mboni alikuwa amefika Lindi mara moja tu maishani mwake, akiwa mgonjwa, amelala mapajani mwa mama yake. Jioni ile alikariri beti akichota maji, akizipaza kuku wakatawanyika. Mama yake aliifua sare, akainyoosha kwa pasi ya mkaa. Ilikuwa tayari imening'inizwa ndipo Mboni alipokumbuka asubuhi ni saa ya nani.

Alivuka njia mpaka kwa Bertha.

"Nenda tu," alisema Bertha kabla hajaambiwa. Alikuwa ameshasikia. Lakini alilisema akichomoa nyuzi za mkeka, na hakuinua macho. "Nesi alisema kesho ndiyo anaingia ndani kabisa. Haidhuru. Nitauma kanga."

Mboni alirudi nyumbani, akakaa, akainuka, akakaa tena. Asubuhi aliamka mapema kuliko wote, akavaa sare iliyonyooshwa, akaenda shuleni. Lori lilikuwa limesimama mbele ya ofisi, limejaa watoto wanaoimba.

"Mwalimu, haliwezi kungoja kidogo? Nimpeleke Bertha kwanza?"

Mwalimu Majid alitikisa kichwa kwa huruma. "Lori la watu hili, Mboni. Haliningoji hata mimi."

"Panda, Dokta!" aliita Ibrahimu, akimnyooshea mkono. "Nimekuwekea nafasi pembeni, utaona njia yote!"

Mboni alishika ubao wa lori. Ulikuwa na joto na ulitetemeka kwa mngurumo wa injini. Aliweka mguu kwenye gurudumu. Kutoka pale juu angeona mikorosho, daraja, halafu mji. Akilini alimwona pia Bertha amekaa kizingitini, akiitazama njia bila kutaka kujulikana kwamba anaitazama.

Alishusha mguu.

"Mwalimu, siwezi kwenda. Nimemwahidi mtu."

Mwalimu alimtazama kwa makini, akamgusa bega. "Nenda. Nitampa mwingine beti zako."

Mboni alikimbia mpaka kwa Bertha. Alijua akitembea atageuka nyuma.

Zahanati, Nesi Emerensiana alipanga vifaa vyake kwenye sahani, akaiona sare iliyonyooshwa. "Leo si ndiyo siku ya Lindi?"

"Ndiyo, nesi."

"Na uko hapa." Nesi alifungua bandeji, akaukagua mguu kwa muda, na uso wake ukalainika. "Sikilizeni habari njema. Uvimbe umeondoka, nyama ni nyekundu na safi. Nikishatoa ngozi hii iliyokufa, tumemaliza kukamua. Litabaki la kubadilisha kitambaa tu." Alimgeukia Mboni. "Binti, watu wengi hupenda kuponya wanapotazamwa na kupigiwa makofi. Kazi yetu sehemu kubwa haina makofi. Ni kuosha, kusema kweli, na kuwepo siku uliyosema utakuwepo. Ukiyaweza hayo, dawa yoyote utakayoshika, ya hapa au ya Uchina, itamfaa mgonjwa."

Nje lori lilipiga honi, likitoka kupakia wacheza ngoma upande wa pili wa kijiji. Sauti za watoto zilipita barabarani, wakiimba ubeti ule ambao Mboni alipaswa kuuanza. Yeyote aliyepewa aliuanza chini mno.

"Wanaondoka," alisema Bertha.

"Nasikia."

"Ukikimbia utaliwahi pale kwenye kona."

Nesi alichukua koleo lake dogo. Bertha alikaza macho. Mboni alikaa kitandani kando yake, akampa mkono wa kulia, na Bertha akaukamata kwa vidole vyote, akauvuta mdomoni, akauma.

"Uma," alisema Mboni, machozi yakimlengalenga. "Nipo."